Chakula Nilichobeba Kwenda Gitambi

Kama wiki hii umeambiwa kwamba figo zako zinavujisha protini, ukapewa vidonge kumi na viwili vya kumeza kila asubuhi na kukatazwa chumvi, basi ninakuandikia wewe. Sitakueleza jinsi figo zinavyofanya kazi. Mimi nilisoma habari hizo kwenye simu mpaka macho yakaniuma, na hazikunisaidia kuamua nile nini Jumanne mchana. Nitakuandikia yale ambayo ningependa mtu anieleze mapema: benchi la kusubiria, uso usio wako, njaa, sufuria ndogo. Na jambo moja ambalo mpaka leo sijalipatia dawa. Linamhusu shangazi yangu.

Naitwa Josiane. Nyumbani wananiita Josi. Ugonjwa ulinikuta nina miezi mitano tangu nimalize chuo, nina shahada ya takwimu na sina kazi, naishi na wazazi wangu Kamembe, karibu na uwanja wa ndege kiasi kwamba ndege ya mchana ikishuka sahani zinalia kabatini. Wazazi wangu walikulia Kongo, wakarudi Rwanda wakiwa watu wazima. Mama huvuka mpaka karibu kila siku kupeleka vitunguu na karoti Bukavu. Papa ni fundi mwashi, mtu wa maneno machache. Mimi ni mtu wa kuwaza. Kabla ya kupiga simu huandika kwanza nitakachosema, kisha huandika atakachojibu, kisha mara nyingi sipigi.

Ilianza mwanzoni mwa Januari. Nilikuwa nimetoka Gitambi kwa Tantine Verediana, dada mkubwa wa Papa, ambako nilikaa siku nne za sikukuu. Tantine ni mjane, analima maharage na kahawa, na hajui kukaa na mtu bila kumlisha. Nilikula ndizi zake na maharage yake, nikanywa maji ya ndizi mbivu aliyoyakamua kwa mikono yake. Siku ya tatu baada ya kurudi nyumbani niliamka macho yamevimba.

"Ulilia?" Mama akaniuliza.

"Hapana."

"Kuna muntu alikukasirisha?"

"Hapana, Mama."

Kufika mchana uvimbe ulishuka, nikasahau. Kesho yake ukarudi. Wiki iliyofuata ulihamia miguuni. Nikivua soksi, alama yake inabaki kama imechongwa. Nikibonyeza mguu kwa kidole, shimo linakaa. Mkojo ulikuwa na povu kama maji ya kufulia. Nilifanya ninachofanya siku zote: nilisoma, nikaandika orodha ya magonjwa kumi na moja ambayo huenda nilikuwa nayo, nikayaogopa yote, nisiende popote.

Mama hakuandika orodha. Aliwaeleza wenzake wa sokoni kule Bukavu, na jioni akarudi na jibu moja.

"Batu banasema hii ni sumu," alisema. "Ile ya polepole. Ulikula wapi?"

Papa alikuwa anavua viatu. Aliacha kamba mkononi.

"Ulikula wapi, Josi?" Mama akarudia.

"Hapa," nikasema. "Na Gitambi."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote. Yalikuwa ya kweli. Lakini nilikuwa nimekula pia maandazi kwenye kituo cha basi, nimekula kwa rafiki niliyesoma naye, nimekunywa chai kanisani baada ya misa ya mwaka mpya. Ningeweza kuvitaja vyote. Nilitaja Gitambi tu, kwa sababu ndipo nilipokula vizuri.

Papa alisema, "Ule ni dada yangu." Mama akasema, "Sikutaja jina ya muntu." Kisha kila mmoja akaenda upande wake wa nyumba, na nyumba yetu ina vyumba vitatu tu.

Kesho yake Mama alinipeleka kwa mwanamke mmoja anayejulikana kwa kutoa sumu. Nilikunywa majani yake machungu, nikatapika siku mbili. Hakuna kilichotoka isipokuwa chakula cha Mama mwenyewe. Kuanzia macho yalipovimba hadi nilipofika hospitali zilipita siku kumi na tisa. Nakuomba, wewe usizipoteze.

Hospitalini nilijifunza kusubiri. Kuna kusubiri kabla ya damu, kusubiri baada ya damu, na kusubiri daktari anayekuja kutoka Kigali mara moja kwa mwezi. Unapewa dumu la lita tano ukusanye mkojo wa siku nzima, kisha unalileta umelikumbatia, ukikaa benchi moja na watu wengine wenye madumu yao, na hakuna anayemtazama mwenzake. Bibi mmoja kutoka kisiwa cha Nkombo alikuwa amelifunga lake ndani ya kitenge kizuri sana, mgongoni, kama mtoto. Aliniona namtazama.

"Hakalii," akaniambia. "Ni katoto kazuri."

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Wiki ile sikucheka tena.

Daktari alisoma karatasi, akasema jina la ugonjwa, akasema unapona kwa wengi lakini una tabia ya kurudi. Nikamuuliza sababu. Akasema mara nyingi hatujui. Nikamuuliza kama chakula kinaweza kuuleta. Akasema hapana. Niliandika "hapana" kwenye daftari nikaizungushia duara, na nilipofika nyumbani nikamwonyesha Mama. Aliitazama vizuri.

"Ni weye uliandika," alisema.

Mtu aliyenisaidia zaidi hakuwa daktari. Alikuwa mama mmoja wa lishe, mnene, mwenye ofisi ndogo mwishoni mwa korido. Aliniambia chumvi itavuta maji mwilini, na kwamba vidonge vitaniletea njaa ambayo sijawahi kuiona.

"Saa ile njaa inakushika, umeisha kuchelewa," alisema. "Utakula hata mlango. Chakula ya kesho ichague leo, wakati tumbo imenyamaza. Unajua kuchora?"

"Kuchora nini?"

"Miraba. Wiki iko na siku saba, siku iko na mara tatu. Weye ulisoma, siwezi kukupigia hesabu."

Nikachora miraba ishirini na mmoja, nikabandika karatasi kwenye mlango wa jikoni. Nakiri kwamba nilifurahi. Tangu Januari mwili wangu ulikuwa unafanya utakalo, na hapa palikuwa na miraba inayofanya nitakalo mimi. Jumatatu asubuhi: uji wa mtama na yai. Jumatatu mchana: maharage, ndizi, lengalenga, yaani mchicha. Jumatatu jioni: viazi vitamu, sambaza wabichi, vile visamaki vya ziwani. Mkate niliufuta, kwa sababu una chumvi hata kama huisikii. Jumapili jioni, nikiwa nimeshiba, nilijaza wiki yote, nikampa Mama orodha ya sokoni.

Kwetu hakuna friji, kwa hiyo kupanga hakukuwa kupika na kuweka. Kulikuwa kujua saa ya kuchota. Maharage yetu, kama ya kila mtu hapa, huchemshwa kwa siku mbili au tatu kwa pamoja, kisha kila siku unachota ya siku hiyo na kuyaunga. Chumvi inaingia kwenye kuunga. Basi nilinunua sufuria ndogo yenye mfuniko unaobana, nikawa nachota sehemu yangu kabla. Humo nilitia seleri, kitunguu saumu, nyanya, ndimu. Ndimu nyingi. Ulimi unadanganyika kidogo, kwa wiki mbili za kwanza unanung'unika, kisha unazoea. Hilo nakuahidi.

Wiki ya tatu niligundua kwamba miguu haishuki. Nikawaza figo zimekufa. Nikawaza nani atavaa nguo zangu. Kisha nikamkuta Mama ameinamia sufuria yangu anasagia kitu kwa vidole. Ilikuwa kube ya mchuzi.

"Mama!"

"Hii haiko munyu," alisema. "Hii ni kube."

Nikamsomea karatasi iliyoifunga kube. Neno la kwanza lilikuwa chumvi. Mama alikaa chini kwenye kigoda, akaishika ile kube kama mtu aliyepewa barua mbaya. Tangu siku hiyo alikuwa anatangulia sokoni kabla ya kuvuka mpaka, asubuhi mitumbwi ya Nkombo inapoleta sambaza wa usiku, ili awapate wabichi kabla hawajatiwa chumvi na kuanikwa. Alinipimia kwa kikombe kimoja kilekile. Nasema hili ili usimchukie kwa yatakayofuata. Kila alichofanya, alifanya kwa sababu aliogopa nitakufa.

Uso wangu ukabadilika. Ni vidonge. Mashavu yalijaa mpaka macho yakawa madogo, na nyama ikaota nyuma ya shingo. Barabarani watu walinipongeza. "Josi! Maisha imekukubali! Umepata kazi?" Nilikuwa nasema ndiyo, kwa sababu kueleza kungechukua robo saa. Usiku nilikuwa macho, nikihesabu miraba. Njaa ilikuwa kama alivyosema yule mama wa lishe: nilimaliza kula nikiwa nataka kuanza. Lakini sikuwa na la kuamua, karatasi ilikuwa imeamua Jumapili. Miguu ilishuka. Vidonge vikawa kumi. Mvua kubwa zikaisha, vikawa nane.

Wakati huohuo, bila mraba wowote, jambo jingine lilikuwa linapikwa. Tantine Verediana alituma maparachichi kwa dereva wa basi, gunia zima, na ujumbe kwamba amesikia parachichi ni nzuri kwa mgonjwa. Mama aliliacha gunia uani. Siku ya nne majirani waliulizana kwa nini yanaoza. Papa alilibeba akaenda kulifukia mwenyewe, na jioni hiyo hakula nyumbani. Nilijua nilipaswa kusema kitu. Niliandika nitakachosema. Niliandika atakachojibu Mama.

Julai Tantine akatualika. Binti yake Solange alikuwa anatolewa mahari, na ndugu wote walitakiwa Gitambi. Niliwaza siku sita. Ningeweza kutokwenda, lakini hiyo ingekuwa kama kusema wazi kwamba naamini maneno ya Mama. Ningeweza kumpigia Tantine kumwomba anipikie pembeni bila chumvi, lakini kumpangia Tantine jinsi ya kupika, wakati huu hasa, niliona ni kama kumwekea askari jikoni. Ningeweza kwenda na kula kidogo, lakini kwa njaa ile hakuna kidogo. Au ningeweza kubeba sufuria yangu, nikakaa pembeni, nikala kimya. Hili la mwisho niliona halimsumbui mtu. Nikaliandika kwenye mraba wa Jumamosi mchana: ndizi, maharage, lengalenga, kubeba.

Mama alikataa kwenda, alisema ana vitunguu. Lakini alinisaidia kuifunga sufuria kwenye kitambaa, akakaza fundo mara mbili.

"Vizuri," alisema. "Ubebe. Usiguse kitu ingine."

Nilifikiri anazungumzia chumvi.

Sasa nieleze jambo ambalo kila mtu wa huku analijua, na mimi nililijua tangu nina miaka mitano. Kwetu ukimpa mgeni kinywaji, unaonja kwanza wewe mbele yake, ndipo unampa, aone kwamba hukumtilia kitu. Kwa ndugu hatuonji. Kumwonjea ndugu ni kama kumwonyesha kitambulisho mlangoni kwako mwenyewe. Na kukataa chakula cha ndugu, ukaleta cha kwako, hakuna tafsiri mbili. Niliwaza siku sita, nikapima kila kitu kuhusu figo zangu na aibu yangu, na hilo moja halikunijia. Nilikuwa nafikiri kama mgonjwa. Mgonjwa anafikiri kila mtu anaona ugonjwa wake.

Maneno ya wakwe yaliisha vizuri, mahari ikakubaliwa, watu wakaanza kula chini ya turubai. Nilikaa mwisho wa benchi, nikafungua mafundo mawili. Mama mmoja jirani wa Tantine, mcheshi, akageuka.

"Eh! Huyu mutoto wa Kamembe amebeba cantine yake ya chakula!" Watu wakacheka. "Juu ya nini, Josi? Unaogopa watakuroga?"

Walicheka tena, kisha kicheko kikakatika upande mmoja, halafu upande wa pili. Ndipo nilipojua kwamba maneno ya Mama yalikuwa yamekwisha kufika Gitambi. Nikainua macho. Tantine alikuwa amesimama mbele yangu na sahani yangu mikononi, imejaa, nyama juu.

"Tantine, ni chumvi," nikasema. "Ni figo. Daktari..."

"Kumbe ni kweli," alisema. Hakupaza sauti. "Nilisema batu banadanganya."

Akageuka na sahani akarudi jikoni. Nilimtazama Papa. Papa alikuwa anatazama viatu vyake.

Nilimfuata. Niliichukua ile sahani mikononi mwake, nikaanza kula nimesimama, kwa mkono, haraka.

"Acha," alisema. "Josi, acha. Hakuna muntu anakulazimisha."

Sikuacha. Nilikula ndizi, nyama, sombe la majani ya muhogo, sambaza wakavu waliokaangwa, mpaka sahani ikabaki tupu. Na nitakwambia ukweli ambao sijamwambia mtu. Nilikuwa na miezi mitano bila chumvi. Ilipogusa ulimi, machozi yalinitoka kwa utamu. Nilikuwa nalia natafuna, siwezi kuacha. Na Tantine alikuwa anayaona machozi, na niliona usoni mwake jinsi alivyoyaelewa. Alifikiri nameza kifo kwa heshima yake.

Siku ya nne baada ya hapo, macho yalivimba.

Mama aliniona asubuhi nikitoka chumbani. Hakulia, hakupiga kelele. Aliweka chini kikapu cha vitunguu akasema, "Umeona?" Kwa Papa alirudia, "Umeona?" Papa alitoka, na kwa wiki nyingi baada ya hapo alikuwa anafika nyumbani giza limeingia na kuondoka kabla ya uji.

Nilirudi kwenye benchi na dumu langu. Daktari alisema huenda ni mafua niliyokuwa nayo, huenda tulipunguza vidonge haraka mno. Nilimuuliza kuhusu sahani moja yenye chumvi. Alisema chumvi ya siku moja inaweza kuongeza maji kidogo, lakini protini kurudi ni ugonjwa wenyewe. Nilimwomba aniandikie hivyo kwenye karatasi yenye mhuri. Akasema hospitali haina karatasi ya namna hiyo.

Vidonge vikarudi kumi na viwili. Nilichora miraba upya. Nilimpigia Tantine mara tatu, bila kuandika kwanza. Hakupokea.

Alikuja mwenyewe. Ilikuwa Oktoba, Jumamosi, mvua zimeanza, vidonge ni kumi. Alishuka kwenye pikipiki na matope hadi magotini, mikono mitupu. Tantine kuja mikono mitupu, sijawahi kuona. Mama alikuwa uani anamenya karoti.

"Karibu, Mama Solange," alisema, bila kusimama.

"Aksanti, Mama Josi. Niko nakuja kupika."

"Kupika nini?"

"Sijui. Banasema iko karatasi."

Aliingia jikoni, akasimama mbele ya mlango, akasoma miraba kwa kidole, polepole, kwa sauti, mpaka akafika Jumamosi mchana. Maharage, viazi vitamu, lengalenga. Akaomba kisu. Alipika kwa maharage ya Mama, kwa maji ya Mama, katika sufuria yangu ndogo, mlango wazi, mikono ya nguo ameikunja mpaka mabegani. Kila alichokishika alikiinua kwanza, kama padri. Niliona aibu mpaka nikataka kuugua zaidi.

Alipomaliza alipakua, akachukua kijiko, akala kimoja mbele yetu. Akameza. Akafungua kinywa kidogo, tuone. Ndipo akanipa.

"Kula, mwana wangu."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na karoti mkononi. Nilikula. Hakikuwa na ladha yoyote, alisahau hata ndimu. Nilimaliza chote.

Wiki mbili baadaye mkojo ulikuwa safi. Muuguzi alinionyesha kijiti, rangi yake ni njano tupu, hakuna kijani cha protini. Nilipanda pikipiki kutoka hospitalini nikiwa naimba. Nilimkuta Mama, nikamwambia: Mama, imekwisha, vidonge vimeshinda, uliona mwenyewe Tantine amenipikia na sikuvimba. Mama alinikumbatia kwa muda mrefu. Kisha akasema nyuma ya sikio langu, kwa sauti ya shukrani kabisa:

"Ameitoa mwenyewe. Mungu amemugusa roho, amekuja kuitoa."

Nilijaribu. Mimi ni mtu wa takwimu. Nilichora grafu, nikaweka tarehe za vidonge, tarehe za uvimbe, tarehe za kula kwa Tantine. Nilimwonyesha kwamba mara ya pili nilikuwa na mafua, kwamba siku zilizofuatana hazina maana kwamba moja ilizaa nyingine. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Weye ulisoma," alisema. "Lakini miye niko na macho."

Nikivimba, ni Tantine. Nikipona, ni Tantine. Ninaweza kupanga kila kijiko kinachoingia mwilini mwangu kwa wiki nzima, na siwezi kupanga mwili huu utatumika kumshtaki nani.

Sasa nameza nusu kidonge, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Uso umerudi, barabarani watu wananiuliza nani amenikosea. Karatasi bado iko mlangoni, nimeibadilisha mara nyingi, imejaa mafuta. Kama utachukua kitu kimoja kwangu, uchukue hiki: panga chakula chako wakati umeshiba, chota kabla ya chumvi, soma karatasi ya kube. Na yule utakayekula kwake, mwambie wiki moja kabla, kwa sauti, mbele ya watu, hata kama sauti inatetemeka. Usifike na sufuria iliyofungwa. Mimi nilidhani kukaa kimya ni upole.

Tantine anakuja Jumamosi moja kila mwezi. Anapika, anaonja, ananipa. Nimemwomba aache kuonja. Anasema, "Niache nionje, inanipunguzia nini?" Mama anamkaribisha vizuri, anamwekea kiti, anamshukuru, na anahesabu kile kijiko. Papa amerudi kula nyumbani siku hizo, kwa kuwa dada yake yupo.

Jumamosi iliyopita nilimwahi. Alipofika chakula kilikuwa tayari, nimepika mwenyewe, sufuria yangu ndogo, maharage, ndizi, ndimu. Nilimketisha, nikapakua sahani yake, nikasimama mbele yake. Nikachota kijiko, nikaonja mimi. Nikameza. Nikafungua kinywa kidogo. Ndipo nikampa.

Alinitazama, akatazama kijiko. Papa aliacha kutafuna. Tantine akatia kinywani, akazungusha, akafumba macho.

"Yesu na Maria," alisema. "Haina munyu hata kidogo. Josi, sasa *hii* njo sumu."

Papa alicheka. Sikuwa nimesikia kicheko cha Papa tangu jioni ile Mama alipotaja sumu. Jikoni Mama alikuwa anakata majani ya vitunguu vya kupeleka Bukavu Jumatatu. Kisu kikasimama. Nikasubiri, nikiwaza yote yanayoweza kufuata, na hakuna hata moja lililokuwa mikononi mwangu. Kisha kisu kikaendelea.